Kijiji Kimoja, Nukta Mbili

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi ya ramani kabla ya hizi mnazobeba kwenye simu. Saa nimeshaitundika sebuleni kwangu Malangali, kwa hiyo sina kisingizio. Vyeo sitavitaja, vimo kwenye faili langu masjala. Mshahara sina haja ya kuutaja, kwa kuwa ninyi mnalipwa huohuo.

Niliingia ofisi ya ardhi ya mkoa nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Mchoraji mkuu, Mzee Sichilima, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na cheti changu hakukitazama. Alinipa kalamu ya wino na karatasi inayopitisha mwanga, akaniambia niandike herufi moja mstari mzima. Nilipomaliza aliinama juu ya karatasi muda mrefu.

“Umekunywa chai asubuhi?”

“Ndiyo, mzee.”

“Inaonekana, kuanzia hapa katikati. Kesho kunywa saa nne, mkono ukishapata kazi.”

Ndivyo nilivyoajiriwa. Sumbawanga ina upepo, mnajua, na madirisha ya ofisi yetu hayakufunga vizuri. Karatasi tulizikandamiza kwa vipande vya mavi ya chuma vilivyookotwa kwenye matanuru marefu ya udongo, yale ambayo mababu wa Kifipa waliyeyushia chuma. Ni vizito, havipasuki, na hakuna anayetaka kuviiba. Kosa la wino lilikwanguliwa kwa wembe mpya, kwa kulaza, siyo kwa kusimamisha. Mstari mrefu ulivutwa kwa pumzi moja iliyobanwa. Mzee Sichilima aliweza kuchora ukingo wa Bonde la Rukwa bila kuvuta pumzi, kisha akahema kama mtu aliyetoka kuzamia. Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo kazi yote: mkono, pumzi na wembe.

Halafu biashara ikafunguliwa. Maduka ya mjini yakajaa redio, mitumba na baiskeli za rangi zote, na wanunuzi binafsi wa mahindi wakafika Laela na mizani zao. Ofisini kwetu kilichofika ni sanduku la mbao lenye kompyuta, zawadi ya mradi mmoja wa wafadhili. Mkuu wetu wa wakati huo aliiweka kwenye chumba chenye zulia, akaifunika kitambaa cha kufuma alichokileta kutoka nyumbani kwake, akaagiza kila anayeingia avue viatu. Kwa kuwa hakuna aliyejua kuiwasha, hakuna aliyeingia. Nadhani ilikuwa kompyuta safi kuliko zote nchini.

Mimi nilianzia kwenye kitabu chake cha maelekezo, kilichokuwa kinene na cha Kiingereza. Nilikiazima, nikakisoma nyumbani na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa. Nilichora vitufe vyote vya kuandikia kwenye karatasi ya manila, kwa vipimo vyake halisi, nikaibandika mezani na kufanya mazoezi ya vidole baada ya chakula cha jioni. Mume wangu, Baba Tuma, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akisahihisha madaftari upande wa pili wa meza. Aliniambia mashine yangu ni nzuri kwa sababu haili umeme. Nami naongeza kwamba haikuwahi kukwama hata mara moja, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu zilizofuata.

Nafasi ya kwenda chuo kikuu Dar es Salaam, kusoma sayansi ya taarifa za kijiografia, hawakuitafutia mtu wa umri wangu. Kijana aliyepangiwa alikuwa ameacha kazi akafungua stoo ya nafaka, na mkuu alipouliza ni nani mwingine anayejua kuiwasha ile mashine, watu walinitazama. Elimu yenyewe, kwa wasioijua, ni kuweka ramani na majedwali ya habari ndani ya kompyuta na kuvifunga pamoja, ili ukiigusa nukta ya kijiji upate idadi ya watu wake, shule yake na maji yake. Nilimwambia Baba Tuma usiku huohuo.

“Utakaa na watoto wa watu darasani,” alisema.

“Wewe umekaa nao miaka yote.”

“Mimi nalipwa.”

“Na mimi nitalishwa. Chakula cha chuo ni bure kwa tuliotumwa na ofisi.”

Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama naweza kumtumia chaki za rangi.

Siku ya kwanza chuoni kijana mmoja alinisalimu “Mambo”, akaona mvi zangu, akajirekebisha kwa “Shikamoo”, na alipoambiwa kwamba mimi ni mwanafunzi mwenzake akabaki hajui ashike ipi. Nikamwambia “Poa”, tukaingia darasani. Masomo ya makadirio ya ramani na vipimo sikuyaogopa. Kilichonitesa ni kipanya. Mkono uliozoea kalamu hutaka kuiona ncha inagusa karatasi. Kwa kipanya mkono uko mezani na ncha iko mbele kwenye kioo, kama inzi ukutani. Aliyenisaidia ni Rehema, binti wa Tanga mwenye maneno mengi na subira ya ajabu. Alinikalisha chumba cha kompyuta nikicheza mchezo wa karata za kwenye mashine mpaka mkono ukatulia. Mimi nikamfundisha kusoma mistari ya mwinuko, ambayo yeye aliiita makunyanzi. Kuanzia hapo tukawa watu wawili wa meza moja, na akaanza kuniita Mama Tuma kama majirani zangu.

Mwalimu wetu, Dokta Kweka, alikuwa na swali moja alilolirudia kwa kila ramani tuliyomletea. Hakuuliza imechorwaje wala kwa programu gani. Aliuliza, “Nani alikwenda kuangalia?” Tulilichoka swali hilo kiasi kwamba vijana walilifanya salamu ya bwenini.

Ulipofika wakati wa mafunzo ya vitendo, tuliambiwa tuende wawiliwawili na tutengeneze kitu kitakachotumika kweli. Mimi na Rehema tulichagua kata moja ya Ufipa, ng'ambo ya mji, kuelekea ukingo wa bonde. Mradi wa maji ulikuwa unaleta mtambo wa kuchimba visima kiangazi hicho, na mhandisi wake, Bwana Mwakalinga, alikubali kutumia ramani yetu kuchagua mahali pa kuchimba. Masharti yake yalikuwa mepesi. Kila kijiji kisicho na maji salama kingepata kisima kimoja, na mtambo ukishaondoka hautarudi mpaka wafadhili waamke tena. Yaani nukta ikikosekana kwenye ramani yetu, watu wa hapo wangeendelea kunywa walichokuwa wakinywa, kwa miaka ambayo hakuna aliyeweza kuitaja.

Tulifika Sumbawanga mwezi wa sita. Rehema alikuwa amebeba blauzi nyepesi na kanga mbili.

“Mama Tuma, hii ni Tanzania kweli?”

“Ndiyo. Vaa koti la Baba Tuma.”

Alilivaa mwezi mzima. Lilimfika magotini, na vijijini walidhani ni afisa wa misitu.

Nukta za vijiji tulizichukua kwenye ramani ya zamani ya serikali, iliyotokana na picha za ndege. Nyingi zilikwenda vizuri: tulifika na kifaa cha GPS cha kuazima, tukasimama shuleni, tukapima, tukaona nukta inakubaliana na ramani. Ugomvi ulianzia Kalembwe. Kwenye ramani, Kalembwe ilikuwa chini karibu na ukingo, kwenye chanzo cha kijito. Lakini dereva wa mradi alitushusha kando ya barabara, mbele ya shule na ghala, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka hapo ramani iliposema.

“Kalembwe ndiyo hapa,” alisema mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kapele, mtu mrefu mwenye baiskeli ambayo hakuiacha hata akiwa amekaa. “Tulikuja nayo.”

“Mlikuja nayo kutoka wapi, mzee?” Rehema aliuliza.

“Kutoka kule chini, tulipohamishwa kuja barabarani. Watu, kuku, milango, jina. Vyote vilipanda lori moja.”

“Na kule chini kumebaki nini?”

“Mahame. Nyani tu.”

Mahame ni mahali walipohama watu. Tukashukuru, tukapima shuleni, na Rehema akaihamisha nukta. Kisima cha shule kilikuwepo, chenye pampu ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi siku inayotaka, tukaandika hivyo. Tulikuwa tunangoja gari wakati mama mmoja alipoteremsha debe la maharage karibu nasi. Alikuwa na mtoto mgongoni na miguu ya vumbi jekundu mpaka magotini. Jina lake Leokadia. Nikamuuliza anatoka wapi.

“Kalembwe.”

“Kalembwe hii?”

“Hii ni ya barabarani. Mimi natoka Kalembwe yenyewe.”

Rehema alinitazama. Nilijua anawaza swali la Dokta Kweka, na koti likamfanya aonekane kama Dokta Kweka mwenyewe. Kesho yake tulishuka kwa miguu, tukimfuata Leokadia.

Kule chini hatukuona nyani. Tuliona matuta ya maharage, nyumba za tofali zilizoezekwa nyasi mpya, na makaburi ya zamani yaliyofagiliwa. Watu walikuwa wamerudi kidogokidogo tangu pale ambapo hapakuwa tena na wa kuwauliza wanalima wapi, kwa kuwa udongo wa kule ni mweusi na wa barabarani umechoka. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na zizi kubwa la miiba na maboma ya Wasukuma waliotoka mbali na ng'ombe wao. Mzee wao, Masalu, alitupokea kwa “Mwangaluka”, akatukalisha kwenye vigoda na kutupa maziwa ya mgando. Yeye alipaita mahali hapo Kwa Masalu, bila aibu yoyote.

Maji yalikuwa chemchemi moja, pana kama jamvi. Ng'ombe walikunywa asubuhi, halafu akina mama wakangoja tope litulie, halafu wakateka. Leokadia alimzika mtoto mmoja mwaka uliotangulia kwa tumbo la kuhara. Alitueleza hilo akiwa anachota kwa kibuyu, taratibu, kutoka juu, ili asiliamshe tope.

Tulirudi mjini tukiwa na nukta mbili, na kompyuta ikatukatalia. Faili letu lilifunga nukta na majedwali kwa kutumia jina la kijiji, kama tulivyolikuta. Ukiweka Kalembwe mbili, inachukua ya mwisho na kuitupa ya kwanza, bila kuomba radhi. Tukajaribu kuipa ya chini jina la Kalembwe Mahame. Leokadia, tulipompelekea wazo hilo siku ya gulio, alicheka bila furaha. “Mahame ni mahali pasipo watu. Sasa mimi ni nani?” Tukajaribu kuiita ya juu Kalembwe Mpya. Mzee Kapele alisema vyeti vyote vya shule vimeandikwa Kalembwe na hakuna mtoto aliyesoma Kalembwe Mpya.

Bwana Mwakalinga naye hakutusaidia. Alikuwa na makaratasi ya halmashauri yaliyosema kule chini hakuna watu, na aliyeisema habari hiyo ni mwenyekiti.

“Sichimbi mahali ambapo kijiji chenyewe kinasema hapana mtu,” alisema. “Nileteeni neno la mwenyekiti, au nikachimbe kwingine. Mtambo uko njiani kutoka Mbeya.”

Kwa hiyo tulifanya kikao kule chini, penye chemchemi. Mhandisi alikuja na gari mpaka linapofika, kisha kwa miguu, akilalamika kuhusu viatu. Mzee Kapele alikuja na baiskeli yake, akiibeba begani kwenye makorongo. Leokadia alikuwepo na akina mama wenzake, na Masalu akasimama pembeni na fimbo.

“Mwenyekiti,” alisema mhandisi, “hapa pana watu au hapana?”

Mzee Kapele aliwatazama waliokaa mbele yake. “Watu wapo,” alisema. “Kijiji hakipo.”

“Baba mdogo,” alisema Leokadia, maana Kapele ni mdogo wake baba yake, “Jumapili baada ya misa uliniuliza nimevuna magunia mangapi ya mahindi. Ulikuwa unamuuliza nyani?”

Akina mama walicheka. Mzee Kapele hakukasirika.

“Nilikuuliza kama mwanangu. Hapa naulizwa kama kijiji.”

“Tofauti yake ni nini?”

“Tofauti ni kwamba mimi nilihamishwa kwa ramani. Alikuja mtu na karatasi, akaweka nukta barabarani, tukapanda lori. Sasa tuna shule, tumeahidiwa zahanati. Leo hawa mabinti wameweka nukta nyingine hapa, yenye jina letu. Zahanati ikija itauliza Kalembwe iko wapi. Itaelekezwa kwa ng'ombe wa Masalu.”

“Ng'ombe wangu hawataki zahanati,” alisema Masalu. “Na mimi, mama, hata hilo jina sikulitaka. Nilifika nikakuta pori na makaburi, nikasema watu wa hapa walikuwa na akili, walichagua maji.”

“Kwa hiyo ugomvi ni jina,” alisema mhandisi, akitazama saa.

“Jina chukueni,” alisema Leokadia. “Mlikwisha kulibeba, kaeni nalo. Sisi tuachieni bomba.”

Neno hilo lilinipa nafasi. Niliwaeleza jambo ambalo mimi na Rehema tulikuwa tumelijadili njia nzima: kwamba ramani yetu inaweza kuacha kuhesabu vijiji ikahesabu mahali watu wanapoteka maji, na kila mahali pakapewa namba yake badala ya jina. Kalembwe ingebaki palepale shuleni, na kisima chake cha shule. Hapa chini pangekuwa namba, yenye watu wake, ng'ombe wake na hiyo chemchemi.

Mzee Kapele alitaka kuielewa namba hiyo vizuri.

“Ina ofisi?”

“Haina, mzee.”

“Ina mwenyekiti?”

“Haina.”

“Itakuja kudai shule yangu?”

“Namba haiwezi kudai kitu. Inasema tu hapa watu wanateka maji.”

Aliigeuza baiskeli, akaiegemeza kwenye jiwe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiiacha. “Basi ipewe maji,” alisema. “Andika kwamba mwenyekiti amesema watu wapo.”

Mhandisi aliandika. Masalu akaomba ng'ombe wawekewe birika lao mbali na bomba, akaahidi kwamba vijana wake watalichimbia msingi wenyewe. Mhandisi akaandika hilo pia, na kwa mara ya kwanza akanywa maziwa aliyopewa.

Kubadilisha faili zima kutoka majina kwenda namba si kazi ya kusimulia. Rehema alisoma, mimi niliandika, jenereta ya mji ilizimika, tukarudia. Dokta Kweka baadaye alisema vifafanuzi vya ramani yetu vimejazana pembeni kama abiria wa basi la Tunduma, na alikuwa na haki. Nanyi mnaofanya kazi hii leo, kama bado mnafunga majedwali yenu kwa majina ya mahali, acheni. Huku kwetu watu walipohamishwa waliondoka na majina yao kama walivyoondoka na milango, na nusu ya mkoa ina majina yaliyosafiri. Vijana wa Dar walidhani ni uzembe wa wachoraji. Mchoraji hakukosea, aliandika jina lilipokuwa siku ile.

Kiangazi kilichofuata nilikuwa nimerudi ofisini, na nikapata safari ya kwenda upande huo. Nilishuka kule chini nikiwa na nakala ya ramani iliyochapishwa. Bomba lilikuwa limesimama juu ya zege, na akina mama wamepanga ndoo bila kugombana sana. Birika la ng'ombe lilikuwa upande wa pili, na Masalu alikuwa amelizungushia miiba kama vile ni lake peke yake. Leokadia aliacha ndoo ijae ikamwagika kidogo, jambo ambalo mwaka uliotangulia hangelifanya, akaja kutazama karatasi. Nikamwonyesha nukta. Ilikuwa na namba tu.

“Hapa ndipo tulipo?”

“Ndipo.”

“Mbona hatuna jina?”

“Ulilitoa mwenyewe mbele ya mhandisi.”

“Nilitoa la Kalembwe. Sikusema tukae hivihivi.” Alifikiri, akamgeukia mwenzake aliyekuwa akisukuma mpini. “Siku hizi tunasemaje tukiulizwa tunakaa wapi?”

“Bombani,” alisema mwenzake, bila kuacha kusukuma.

“Basi andika Bombani.”

Nilikuwa tayari kuandika, lakini yaliyotupata yalinifanya niulize kwanza. Nilimwambia kwamba majina ya huku yana tabia ya kuondoka na wenyewe, na nisingependa miaka ishirini baadaye mtu mwingine atafute bomba hili barabarani.

Leokadia aliinyanyua ndoo kichwani, akaishika kwa mkono mmoja.

“Bomba halipandi lori, mama,” alisema. “Tukihama tutaliacha hapahapa, na jina lake.”